Nihamie ukumbi mkubwa au nibaki hapa? Jibu kwa mwalimu wa dansi wa Mwanjelwa

"Shikamoo mwalimu. Nina studio ya dansi hapa Mbeya, ghorofani karibu na soko la Mwanjelwa, huu ni mwaka wa tatu. Ukumbi ni kama mita 10 kwa 8, kodi laki 4 kwa mwezi na ninalipa miezi sita sita. Tunafundisha watoto, vijana wa amapiano na singeli, na akina mama wa mazoezi ya jioni. Vipindi ni 8 kwa wiki, kila kimoja saa moja na nusu. Mimi nafundisha 3, walimu wangu wawili wanagawana 5 na nawalipa 10,000 kwa kipindi. Kiingilio ni 3,000 mlangoni. Daftari lina majina zaidi ya 60, lakini kipindi kimoja wanafika kama 11, na mvua zikianza wanashuka hadi 6. Umeme, bando na usafi ni kama laki moja. Harusi nazo napata, 250,000 kila moja, nafundisha mpaka wajue. Watu wanatusifia sana ila mwisho wa mwezi pesa siioni. Sasa nimepata ukumbi mkubwa Soweto, hapa hapa Mbeya, milioni moja kwa mwezi, miezi sita mbele. Kuna kampuni iko tayari kunikopesha milioni 6 nirudishe 7,800,000 ndani ya miezi sita. Naamini nikiwa na nafasi na vioo ukuta mzima, wanafunzi watajaa. Nichukue?"

Marahaba, mdogo wangu. Usichukue. Sisemi usihamie kamwe, nasema si sasa, na si kwa mkopo huo. Nitakuonyesha kwa hesabu zako mwenyewe, maana umeziandika vizuri kuliko wengi wanaoniuliza jambo hili, na ndani yake jibu limo.

Hofu yako naielewa hivi: jina unalo, kazi unaiweza, watu wanakupigia makofi, lakini pesa haikai. Ukatazama huku na huku, ukaona kitu kinachoonekana kwa macho, yaani udogo wa ukumbi, ukakibebesha lawama yote. Hebu tuuache ukumbi kidogo tutazame daftari.

Vipindi 8 kwa wiki ni 32 kwa mwezi wa wiki nne. Watu 11 kila kipindi kwa 3,000 ni shilingi 1,056,000. Gharama zako ni kodi 400,000, walimu 200,000, umeme, bando na usafi 100,000, jumla 700,000. Kwa mwezi mzuri unabaki na 356,000. Ila hapo hujajilipa. Vipindi 12 unavyofundisha wewe, ungemweka mwalimu mwingine ungetoa 120,000. Kwa hiyo faida ya kweli ya biashara ni 236,000, nayo ni ya mwezi mzuri. Sasa weka mwezi wa mvua: watu 6 kwa vipindi 32 ni 576,000. Umepungukiwa 124,000 kabla hujaweka hata senti ya nauli yako. Na kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua si ya wiki mbili. Inaanza Novemba na kutuachia Aprili ikiisha, mara nyingine Mei. Karibu nusu mwaka. Pesa unayoivuna kiangazi inaenda kufukia mashimo ya masika, ndiyo maana huioni. Nimesikia wenye biashara wakihisi chuma ulete mahali ambapo kalamu na karatasi vingewapa jibu kwa jioni moja. Kwako hakuna mwizi wala uchawi, kuna miezi sita inayokula miezi sita.

Twende Soweto. Mkopo utalipa kodi ya miezi sita ya kwanza, nawe utarudisha 1,300,000 kila mwezi. Ongeza walimu 200,000 na gharama nyingine, tuseme 150,000 kwa kuwa ukumbi ni mkubwa. Ni 1,650,000, sawa na viingilio 550 vya 3,000, zaidi ya watu 17 kila kipindi, na wewe hujala. Lakini mwezi wa saba mwenye nyumba anagonga mlango akitaka milioni 6 nyingine. Ukitaka kumwekea akiba huku unalipa deni, unahitaji karibu watu 28 kila kipindi, kuanzia mwezi wa kwanza. Leo una 11. Vioo haviwezi kufanya hivyo, na mvua ya Soweto ndiyo hiyo hiyo ya Mwanjelwa.

Hapa ndipo lilipo kosa ambalo karibu kila mwenye studio analifanya. Tunadhani tunauza dansi. Dansi ndiyo wanayoipenda, lakini bidhaa unayoinunua kwa mwenye nyumba na kuiuza kwa rejareja ni saa za sakafu. Saa hizo haziwekwi stoo. Saa ya ukumbi iliyopita tupu ni kama kiti cha basi la Dar lililokwisha kuondoka stendi. Huwezi kukiuza kesho. Laki 4 yako inakununulia ukumbi kuanzia asubuhi hadi usiku, siku 30. Hata tukihesabu saa 12 tu kwa siku ni saa 360 kwa mwezi. Unazotumia ni 48. Unataka kukopa ili uongeze nafasi, na hii uliyonayo inalala saa 312.

Hata hizo 48 hazijajaa. Mtu mzima anayerusha mikono na kusogea namkadiria mita 4 za mraba. Ukumbi wako una 80. Toa nafasi ya mwalimu, spika na viatu mlangoni, unabaki na watu 18 wanaocheza bila kugongana. Wewe una 11. Vipindi 8 vya watu 18 ni nafasi 144 kwa wiki, yaani wanafunzi 72 wanaokuja mara mbili kila wiki, hapo hapo ulipo, bila kuongeza kipindi hata kimoja. Namba hiyo 72 iandike ukutani. Nitairudia.

Sasa kwa nini wenye majina 60 daftarini hawafiki? Kwa sababu ya kulipia mlangoni. Mtu anayelipa 3,000 mlangoni anaamua upya kila jioni. Saa kumi na moja mawingu yameshuka kutoka mlima Loleza, bajaji imepandisha nauli, mtoto ana mafua, na hajapoteza chochote akibaki nyumbani. Hasara yote inahamia kwako, maana kodi na mwalimu hawajui kama mvua imenyesha. Aliyelipa kabla hufikiri tofauti: pesa yake iko kule, kwa hiyo anavaa koti anakuja. Na asipokuja, kodi yako bado imelipwa.

Kwa hiyo uza kwa muhula. Anza na watoto, kwa sababu mzazi mwenye mtoto shule binafsi tayari amezoea kulipa ada kwa muhula. Wiki 10, vipindi viwili kwa wiki, shilingi 50,000. Kwa bei ya mlangoni vipindi 20 vingekuwa 60,000, kwa hiyo umempunguzia kwa haki, nawe umepata uhakika. Mizunguko minne kwa mwaka inakaa vizuri ukiipanga kando ya kalenda ya shule. Usianze wiki ya kwanza ya Januari. Mzazi wa Mbeya wakati huo ana sare, madaftari na michango ya shule, atakuona msumbufu. Anza katikati ya mwezi. Ruhusu awamu mbili, 30,000 kabla ya kipindi cha kwanza na 20,000 kabla ya wiki ya tano. Mlangoni pandisha iwe 4,000, ili aliyelipa muhula aone faida yake kila akimwona jirani anatoa buku nne.

Wanafunzi 40 tu wakilipa muhula ni milioni 2 kwa wiki 10, sawa na 800,000 kwa mwezi. Gharama zako zote ni 700,000. Yaani watu 40 wanakulipia ukumbi, walimu na umeme kabla hujafungua mlango. Kiingilio cha mlangoni, harusi na mengine yote yanakuwa juu yake. Kumbuka tu mizunguko minne ni wiki 40, na mwaka una 52. Katika kila ada ya muhula toa sehemu uitie kwenye akaunti ya kodi, usiiguse, kwa ajili ya zile wiki 12 za likizo.

Utaniambia watakimbia. Wengine watakimbia, sitakuficha. Watakaoondoka wengi ni wale wanaokuja mara moja kwa wiki tatu, ambao majina yao yanalijaza daftari na mifuko yao haikulishi. Lakini usiwafungie mlango watu wa kipato cha siku: mama anayeuza mboga sokoni au kijana wa bodaboda hana 30,000 kwa mkupuo hata kama moyo wake uko kwako. Mpe kadi ya wiki, 6,000 kwa vipindi viwili, anayolipa Jumatatu. Kuna pia familia ambazo pesa huingia kwa msimu, viazi vya Umalila, mpunga wa Kyela na Mbarali, kahawa ya Mbozi. Ukijua mwanafunzi wako anatoka nyumba ya namna hiyo, kuanzia Juni mweleze mzazi alipe mihula miwili kwa pamoja wakati mkono wake uko mzuri.

Kwa watoto kuna jambo zito kuliko bei, na naomba ulisome taratibu. Mzazi wa kwetu hakatai mtoto kucheza. Anaogopa mambo yanayozunguka dansi. Anaogopa giza, anaogopa mwalimu asiyemjua, anaogopa video ya binti yake kusambaa mtandaoni, na wengine kanisani wameambiwa dansi ni uhuni. Maliza vipindi vya watoto kabla ya saa kumi na mbili jioni. Weka benchi ambalo mzazi anaweza kukaa akatazama siku yoyote bila kuomba ruhusa. Chagua nyimbo ambazo maneno yake hutaona aibu kuyarudia mbele ya bibi yao. Video usirushe bila ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Hilo ni sharti la malezi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ni suala la kisheria pia. Mama mmoja aliyeketi kwenye benchi lile akaona mambo yako yamenyooka atakuletea watoto wanne wa mtaani kwake.

Zile saa 312 hutazijaza zote, wala usijaribu. Zitazame asubuhi na mchana kwanza. Akina mama wasioajiriwa wanaweza saa tatu asubuhi, watoto wakiwa shule. (Ukiwatangazia, andika "mazoezi ya dansi". Jina Zumba ni alama ya biashara iliyosajiliwa na kufundisha kwa jina hilo kunahitaji leseni yao.) Shule binafsi za msingi hutafuta mwalimu wa michezo ya baada ya masomo, hapo wewe ndiye unayekwenda, shule inalipa kwa muhula, wala sakafu yako haitumiki. Na kuna soko ambalo studio nyingi za hapa zinalipita bila kuliona: kwaya. Mbeya na Iringa zimejaa kwaya zinazorekodi video, na kila anayezitazama anajua wapi hatua zimepangwa na mtu anayejua na wapi kila mmoja anajipigia makofi ya kwake. Nenda kwa mwenyekiti wa kwaya kwa heshima, usimpelekee amapiano, mweleze utawasaidia mistari, mikono na kuingia na kutoka kwa pamoja. Kwaya moja ya watu 25 ikilipia mazoezi manane ni kazi nzuri ya mchana wa Jumamosi, tena inakusafishia jina kwa wale wanaoogopa uhuni. Kikundi cha vikoba au kamati ya harusi ikitaka kukodi ukumbi kwa saa mbili, kodisha, ilimradi viti visikwaruze sakafu.

Harusi nazo zinakuponza bila wewe kujua. Laki mbili na nusu inaonekana nono kwa sababu inakuja kwa pamoja. Lakini "mpaka wajue" ni mara ngapi? Kwa kawaida ni mazoezi kama kumi ya saa mbili. Gawanya: 12,500 kwa saa. Kipindi chako cha kawaida chenye watu 11 kinaingiza 33,000 kwa saa moja na nusu, yaani 22,000 kwa saa. Ukiahirisha kipindi cha jioni ili kufundisha wasimamizi wa harusi, umepoteza pesa huku ukijiona umepata. Nawe unajua inavyokuwa: wasimamizi sita, leo wamekuja wanne, mmoja amechelewa anatoka kazini Uyole, wawili watafika kutoka Dar usiku wa kuamkia sherehe na hawajui hata mguu wa kuanzia. Weka bei kwa mazoezi matano ndani ya hiyo 250,000, la ziada 30,000, na yafanyike kwenye saa zilizo tupu. Nusu ilipwe kabla ya zoezi la kwanza, nusu kabla ya zoezi la mwisho. Usisubiri hadi baada ya harusi. Kamati ikishavunjwa hakuna mtu wa kumdai, mwekahazina atakuambia michango haikutimia, na pengine ni kweli. Kwa wanaotoka nje ya mji rekodi video ya hatua kwa nyuma, polepole, uwatumie wiki mbili kabla.

Kuhusu walimu wako, 10,000 kwa kipindi si mbaya kwa ulipo, lakini haimpi mwalimu sababu ya kujali kama darasa lina watu 6 au 16. Jaribu kumwongezea kitu kwa kila mwanafunzi wake anayelipa muhula wa pili mfululizo. Siku moja mwalimu mzuri ataondoka na kufungua studio yake, na baadhi ya wanafunzi watamfuata. Hakuna mkataba utakaozuia hilo kabisa. Kinachosaidia ni mzazi kukufahamu wewe kwa jina, na ada kuingia kwenye lipa namba ya studio, si kwenye simu ya mwalimu. Wala si kwenye simu yako binafsi. Ukichanganya pesa ya ukumbi na ya unga, hesabu zote nilizokuandikia hapo juu hutaziweza tena.

Vioo ukuta mzima ngojea. Kioo kimoja kipana mbele kinatosha kufundishia. Kama una akiba kidogo, tazama chini. Najua kumbi nyingi za ghorofani pale mjini ni saruji au vigae. Saruji hairudishi mguu. Kila kuruka kunarudi kwenye ugoko, goti na kiuno, na jioni za Juni na Julai misuli inakuwa ya baridi tangu mlangoni. Mwanafunzi hatakuambia ameumia, ataacha tu kuja, nawe utadhani ni bei. Fundi seremala anaweza kukutandikia plaiwudi juu ya fremu ya mbao yenye vipande vya mpira chini, inayofunguka siku utakapohama. Ongeza dakika 15 za kupasha mwili wakati wa baridi. Mwenye maumivu ya goti yasiyoisha kwa wiki mbili asifundishwe "mazoezi ya goti" na sisi walimu wa dansi. Aende hospitali aonwe na mtaalamu wa viungo.

Mkopo wenyewe. Kuongeza 1,800,000 juu ya milioni 6 kwa miezi sita ni bei kubwa mno kwa biashara ambayo mwezi wa mvua inapata hasara, na mitaani mikopo ya namna hiyo mnaiita kausha damu kwa sababu. Yeyote anayekukopesha lazima awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Omba kuiona, na ukiwa na shaka Benki Kuu ina tawi hapo Mbeya, kaulize. Ukihitaji mtaji siku za mbele, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hutolewa kwa vikundi hasa, kwa hiyo mtafute afisa maendeleo ya jamii wa kata yako akueleze masharti kabla hamjajiunga na mtu yeyote. SIDO Mbeya, shirika la viwanda vidogo, watakusaidia kuandika mpango wa biashara.

Mambo mengine siyawezi kwa kuandika, yanataka uende mwenyewe na karatasi zako. TRA, uliza waziwazi kama masomo ya dansi wanayahesabu kuwa huduma ya mafunzo, maana jibu linabadilisha namna unavyokadiriwa. Ofisi ya utamaduni ya jiji itakuelekeza kuhusu usajili wa BASATA, baraza la sanaa, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuhusu kutumia muziki wa watu kibiashara.

Sasa nirudi kwenye 72. Ukumbi wa Soweto, bila mkopo, utakugharimu kama 1,350,000 kwa mwezi. Mwanafunzi wa muhula anakuletea wastani wa 20,000 kwa mwezi wa masomo, kwa hiyo unahitaji 68 waliolipa ili uukalie bila kulia (wiki za likizo utazifidia kwa mlangoni, harusi na mengine). Ukumbi wako wa leo unabeba 72. Siku utakapoujaza huu, utakuwa tayari na watu wa kuulipia ule, na faida ya mihula hiyo ndiyo itakayoanza kukujengea kodi yako ya miezi sita. Dalili nitakayoiamini ni mihula miwili mfululizo, mmoja wake wa mvua, vipindi vya jioni vikiwa na watu 16 au zaidi, na wazazi waliotanguliza ada wakisubiri nafasi.

Ikifika hapo, kabla ya kusaini mpelekee wakili mkataba wa pango. Mambo matatu yaandikwe: kwamba ukumbi ni wa dansi na muziki hadi saa fulani, ili jirani akilalamika usifukuzwe, kwamba sakafu utakayoweka ni mali yako, na nani anabeba ile asilimia 10 ya kodi ya zuio ambayo mpangaji wa biashara hutakiwa kuikata kwenye pango na kuiwasilisha TRA. Wenye nyumba wengi hudai pango lao kamili, na asilimia hiyo ikamwangukia mpangaji. Kwa pango la milioni moja ni laki moja kila mwezi, nayo sijaiweka kwenye hesabu ya hapo juu.